Kati ya Rangi ya Fedha na Rangi ya Chuma

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika salama. Chumba changu kiko juu ya duka la fundi cherehani, ambaye pia ndiye mwenye nyumba. Kina kitanda, meza, kiti na dirisha linalotazama uwanja mdogo wa ndege. Fundi aliniuliza kama nitahitaji kiti cha pili. Nilimjibu kwamba sitarajii wageni.

Wameniita kwa msimu huu mmoja, kwa kuwa mpimaji wao amevunjika mguu na hakuna mwingine aliye karibu. Meli ya mizigo imepanda mwamba nje ya ghuba na inavuja mafuta. Kazi ni ileile niliyoifanya tangu ujana: kuketi kwenye dirisha la ndege ndogo, kutazama baharini, na kusema ni mafuta kiasi gani yamemwagika. Nilikwisha kustaafu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchoshwa na kupumzika mpaka simu ilipolia.

Binti yangu hakufurahi. Alisema kwamba watu wa umri wangu hukaa na wajukuu, hawapandi ndege za viti vinne. Nilimwambia kwamba wajukuu wana wazazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekutana na wenzangu. Rubani huitwa Kipanga, na jina limemkaa, ila kipanga wa kweli hapigi soga. Mkuu wa kituo ni mtu mpole ambaye huzungumza huku akizipanga na kuzipangua kalamu zake mezani. Mpimaji wa pili ni mwanamke wa makamo, na kituo kizima humwita Mama Pacha. Aliniamkia kwa adabu, akasema kwamba alifundishwa kazi na mtu niliyemfundisha mimi. Kwa hiyo yeye ni mjukuu wangu kikazi. Nilimwambia kwamba katika kazi hakuna wajukuu, kuna wapimaji. Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba sicheki.

Mkuu alitueleza hali ilivyo. Meli iligonga mwamba ikiwa na tani mia nne za mafuta. Mabomba ya kupimia matangi yamepinda na nusu ya meli iko chini ya maji, kwa hiyo hakuna awezaye kuchungulia ndani. Njia iliyobaki ni hesabu ya kutoa: tukijua yaliyotoka, tutajua yaliyosalia. Tishari lenye pampu limetia nanga karibu na mwamba. Yakisalia mengi, litayanyonya. Yakisalia machache, litaondoka, maana linangojwa kwingine. Mwishoni mwa Aprili huja pepo kali za kufunga msimu. Zikiikuta meli na mafuta tumboni zitaipasua, na kila anayekula kutokana na ghuba hii atabaki akishika tama.

Basi yote yamewekwa kwenye macho ya watu wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Tumeruka kwa mara ya kwanza. Naieleza kazi hapa, ili binti yangu akisoma siku moja ajue baba yake alikuwa akifanya nini huko juu.

Mafuta juu ya maji hujieleza kwa rangi. Yakiwa membamba kabisa huwa na rangi ya fedha. Yakinenepa kidogo huonyesha rangi za upinde wa mvua. Yakinenepa zaidi huwa na rangi ya chuma kilichopigwa msasa, na mwisho huonyesha rangi yao halisi, kahawia au nyeusi. Mpimaji hukadiria ukubwa wa eneo, huitambua rangi, kisha huzidisha. Mtego uko kwenye rangi. Utando wa rangi ya fedha ukitanda kilomita nzima ya mraba, mafuta yake hayajazi mapipa mawili. Ukiwa wa rangi ya chuma, eneo lilelile ni lori la tangi, pengine na zaidi. Anayekosea eneo hukosea kidogo. Anayekosea rangi huharibu kila kitu.

Mafuta ya meli hii ni mepesi, na ya jana huvunjwavunjwa na mawimbi usiku. Kwa hiyo sisi huupima mkia mpya tu, ule unaoanzia ubavuni mwa meli kila asubuhi. Ndege huzunguka mara mbili ili kila mpimaji auone kwa dirisha lake, mimi kushoto, Mama Pacha kulia. Ni marufuku kuyazungumzia mafuta hadi kila mmoja awe amempa Mkuu kadirio lake. Niliwafundisha watu hivi kwa miaka mingi: macho yakinong'onezana, mawili huwa moja.

Leo mimi nimesema tani kumi na mbili. Mama Pacha amesema mbili. Nilimwambia, mbele ya Mkuu, kwamba anatazama kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Mkuu alipanga kalamu zake, akaamua kuchukua langu kwa sababu ya uzoefu, lakini akakumbusha kanuni: tukiendelea kutofautiana namna hii, itambidi aombe mpimaji wa tatu kutoka makao makuu.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Hatukuruka.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimpelekea fundi suruali yangu nyeusi aipinde ncha. Amenirudishia akisema ametafuta kila mahali uzi wa bluu unaofanana nayo. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia atumie uzi wa bluu kwenye suruali nyeusi. Aliitazama suruali, akanitazama mimi, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akacheka peke yake. Sikubishana. Ni fundi mzuri wa mikono, lakini rangi hazijui.

Tani kumi kwangu, tatu kwa Mama Pacha.

Alhamisi, 14 Machi

Tani kumi na nne kwangu, tatu kwake. Nilimweka kando na kumwelekeza tangu mwanzo: mahali pa kuanzia, namna ya kuukwepa mng'ao wa jua, namna ya kutofautisha mafuta na kivuli cha wingu. Alijibu ndiyo mzee, ndiyo mzee. Watu wanaokubali kila kitu hawajifunzi chochote.

Kipanga ananikera. Hazungumzii mafuta, kwa kuwa anajua kanuni, lakini huzungumzia kila kitu kingine, kuanzia mkwewe hadi bei ya matairi. Leo aliniuliza kama huwa nacheka. Nilimwambia kwamba nilicheka mwaka fulani na haikusaidia kitu.

Jumapili, 17 Machi

Nimelifua pazia kwa mara ya pili. Limebaki na umanjano uleule. Sabuni za siku hizi ni povu tu.

Binti yangu alipiga simu. Wajukuu walisalimia mmoja mmoja, kila mmoja akisukumwa na mwenzake. Kisha akaniuliza kama ninakula, kama nina mtu wa kuzungumza naye. Nilimwambia kwamba nina wenzangu wa kazi. Akauliza majina yao, nikamtajia Kipanga na Mama Pacha. Akasema, "Baba, hayo ni majina ya utani." Ni kweli. Baada ya simu nilikaa nikijaribu kukumbuka jina halisi la yeyote kati yao. Nilishindwa.

Jumatano, 20 Machi

Tani kumi na tatu kwangu, saba kwake. Anaanza kuelewa.

Ijumaa, 22 Machi

Kumi na moja, na tisa. Nilimpongeza. Mkuu amesema hakuna tena haja ya mpimaji wa tatu. Tulipokuwa tukishuka ngazi, Mama Pacha aliniuliza kama chumbani nina maji ya moto. Ni swali dogo, lakini limenikaa jioni yote. Tangu mke wangu alipofariki hakuna aliyeniuliza habari za maji.

Nilimhukumu mapema. Ana jicho, alihitaji tu mtu wa kumkaza.

Jumanne, 26 Machi

Kipanga ametoboa masikio ya kituo kizima kwa kicheko. Nilivaa soksi mbili zisizofanana, moja nyeusi na moja ya bluu. "Mzee," alisema, "hizo soksi zimetalikiana lini?" Hata Mkuu alicheka. Mama Pacha hakucheka. Aliinama akajifanya anafunga kiatu.

Balbu ya chumbani ni dhaifu mno kwa mtu kuvalia.

Ijumaa, 29 Machi

Jumla yetu imepita tani mia mbili, yaani zaidi ya nusu ya yaliyokuwemo. Wenye meli wamemtuma mtu wao, kijana wa tai aliyekuja kunishika mkono kwa mikono miwili. Anasema makadirio yetu ni kazi safi. Nilitabasamu. Katika kazi hii nilizoea kuamini kwamba anayekadiria juu hulala, na anayekadiria chini huamshwa.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kutwa. Cherehani chini, matone juu, mimi katikati.

Ijumaa, 5 Aprili

Kumi na mbili, na kumi na mbili. Sawasawa kabisa.

Nataka kuandika jambo ambalo sijui nimwambie nani. Mke wangu alikuwa na mazoea: nikirudi jioni, kabla sijavua viatu, huniuliza bahari ilikuwaje leo. Nami nilikuwa nikimjibu kwa tani. Tani nne, tani thelathini. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia kitu, na maisha yakaendelea hivyo hadi mwisho wake. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akiuliza bahari ilikuwaje, si tani ngapi.

Ninapoketi sasa kwenye dirisha langu, na mwanamke huyu kwenye lake, tumepeana visogo na hatusemi neno, huwa nahisi amani ambayo sijaipata tangu wakati ule. Kuna mtu mmoja anayeona ninachokiona, kwa wakati huohuo, kwa kiasi kilekile. Watu wengi huoana wasiyapate hayo.

Jumanne, 9 Aprili

Jumla imefika tani mia tatu na arobaini. Mkuu amekata shauri. Yaliyosalia hayazidi sitini, na kuwatuma wazamiaji chini ya meli inayoyumba kwa ajili ya hayo ni kucheza na roho za watu. Tishari litaondoka Jumamosi. Kijana wa tai ameleta keki. Kipanga amekula vipande vitatu.

Mama Pacha hakula. Alisimama karibu na mlango akinitazama kana kwamba anangoja nimuulize kitu. Sikujua niulize nini.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika yaliyotokea leo.

Tuliruka asubuhi baada ya mvua. Anga lilikuwa safi. Mkia ulikuwa palepale, mrefu, umepinda kuelekea kaskazini, wa rangi ya chuma kama kawaida, na ukingoni kahawia. Nilikuwa nimeanza kukadiria eneo wakati Kipanga alipogeuza ndege na jua likanipiga usoni. Niliinua kiganja cha kushoto kujikinga. Kiganja kilifunika jicho la kushoto, na mafuta yakapungua.

Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hili. Yalikuwa mengi, yakawa machache. Kahawia ilitoweka. Chuma kilififia kikawa utando mwepesi unaometa. Niliondoa kiganja, yakarudi. Nilifunika tena, yakaondoka. Nilifunika jicho la kulia badala yake, na bahari nzima ikawa kama chai iliyopoa. Nilimtazama Kipanga mbele yangu. Shati lake, ambalo tangu Machi nilikuwa nalichukulia kuwa la rangi ya samli, kwa jicho la kulia lilikuwa jeupe. Hata hilo jeupe halikuwa jeupe hasa. Jicho la kulia nalo lilikuwa njiani, likimfuata mwenzake.

Hapo yakanirudia yote, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa limenigongea mlango: suruali, uzi, soksi, pazia. Nami nilikuwa nimejibu kila mara kwamba aliyekosea ni fundi, ni balbu, ni sabuni.

Lakini kuna jambo ambalo halikuingia katika mfululizo huo. Nilikuwa na mwenzangu. Macho yake ni mazima. Mbona naye alikuwa akisema kumi na mbili?

Nikavunja kanuni niliyoishi nayo. Nilibonyeza kitufe cha vipokea sauti nikasema, "Mama Pacha. Unaona rangi gani?"

Kipanga aliacha soga yake katikati ya neno.

"Mzee, haturuhusiwi kuzungumza," alisema.

"Nakuuliza."

Tuliumaliza mkia mzima, na meli ikapita chini yetu na kutoweka nyuma ya bawa.

"Ya fedha," alisema. "Ni ya fedha, mzee. Imekuwa ya fedha siku zote."

Kipanga aligeuza ndege, tukarudi kutua.

Kipanga alifunga ndege na kujiondokea haraka, akisahau hata kofia yake. Sisi tulibaki chini ya bawa, maji ya mvua yakidondoka. Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, kwa sababu ukali ndiyo lugha niliyokuwa nayo karibu.

Alizungumza akitazama viatu vyake. Alisema kwamba wiki ya kwanza alidhani kweli kosa ni lake. Wiki ya pili alijua si lake. Lakini Mkuu alikwisha kutaja mpimaji wa tatu, na mtu huyo angekuja, angeona, angeandika, na mimi ningerudishwa nyumbani na kijana wa miaka thelathini. Alikuwa amesikia habari zangu tangu anaanza kazi. Hakutaka niishie hivyo mikononi mwake.

"Nikasema nikusogelee kidogo," alisema. "Labda nawe ungenisogelea, tukutane katikati. Lakini wewe hukusogea, baba. Kila nikisogea, nakukuta umesimama palepale."

Nilimwambia kwamba bahari haina katikati.

"Najua," alisema. "Na mimi ningekuambiaje? Siku ya kwanza tu ulinifananisha na mtu aliyeacha chungu jikoni."

Amekosa, na kosa lake ni kubwa: kazi hii inataka watu wawili ili mmoja akipotea, mwingine abaki. Alipaswa kusimama. Lakini ni mimi niliyemwonyesha kwamba anayesimama mbele yangu hupigwa, na anayeinama hupongezwa. Nilimpongeza kwa kila hatua aliyoichukua kuiacha kweli.

Na kuna hili pia, ambalo ni dogo, na ni la aibu kuliko mengine. Amani ile niliyoiandika Ijumaa iliyopita haikuwepo. Hakuna aliyekuwa akiona nilichokiona. Nilikuwa peke yangu kwenye dirisha lile msimu mzima, na mtu wa upande wa pili akinihurumia kwa tani.

Tulikwenda kwa Mkuu pamoja. Nilimwambia kwamba naondoa makadirio yangu yote, tangu la kwanza, na Mama Pacha naye anayaondoa yake tangu katikati ya Machi, na kwamba tishari lisiondoke. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni. Alisema kwamba wenye meli wamekwisha kukubali, makao makuu yamekwisha kukubali, kila kitu kimekwisha. Alisema labda ni uchovu. Kisha akasema, kwa upole, "Mzee, una uhakika? Jina lako ndilo lililoibeba hesabu hii."

"Ndiyo maana naliondoa," nilisema.

Bado alisita. Nilimwonyesha kalamu zake mezani, nikamwomba azichanganye, kisha aniombe ya bluu. Alifanya hivyo, akiona haya kwa niaba yangu. Nilizitazama kwa macho yote mawili. Nilichukua moja nikampa. Aliishika, akaizungusha, akaiweka chini taratibu.

Ilikuwa nyeusi. Hakuniambia. Nilijua kwa namna alivyoiweka.

Aliinua simu.

Ijumaa, 12 Aprili

Tishari limebaki. Kwa hesabu ya Mama Pacha ya wiki ya kwanza, iliyokuwa hesabu safi, yaliyotoka hayawezi kuzidi tani sitini au sabini. Maana yake ni kwamba meli ina zaidi ya tani mia tatu tumboni. Nilikuwa nimekadiria juu kwa usalama, na juu ndiko kulikokuwa na hatari: kila tani niliyoizidisha baharini niliipunguza ndani ya meli, hadi nikakaribia kuimaliza.

Kijana wa tai amepita mbele yangu bila kunishika mkono.

Sasa wazamiaji watatoboa ubavu wa tangi ili kuona. Mawimbi yameanza kupanda. Niliwaona wakiondoka gatini, watu wanne wakitaniana kuhusu nani mnene kuliko wote. Nikiwa nimekosea mara ya pili, nimewapeleka watu hao chini ya chuma kinachoyumba bila sababu.

Jumamosi, 13 Aprili

Upepo. Hawakuzama.

Jumapili, 14 Aprili

Upepo. Nilimpigia binti yangu mimi mwenyewe. Alidhani kuna msiba. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama ninaogopa. Nikasema ndiyo. Nadhani hatujawahi kuzungumza kwa muda mrefu hivyo.

Jumatatu, 15 Aprili

Wamezama. Nilikaa chumbani kwa sababu kituoni sina tena kiti. Mchana nilisikia hatua kwenye ngazi, na Kipanga akaingia bila kubisha, amelowa chapachapa. Alisema wametoboa tundu la kidole na mafuta yakawarukia usoni. Tangi la nyuma limejaa hadi juu. La kati limekaribia kujaa. Pampu zimewashwa.

Alitaka kukaa, akatazama huku na huku, akaketi kitandani. Aliniambia pia kwamba Mama Pacha ameandikiwa onyo, na kwamba ameambiwa aendelee kuruka, maana hakuna mwingine. Nilimuuliza Kipanga jina lake halisi. Alinitajia. Nikamuuliza na la Mama Pacha. Nayo nayaweka kwangu, siyaandiki.

Alipoondoka nilishuka kumwomba fundi kiti cha pili.

Alhamisi, 18 Aprili

Daktari wa macho ni mwanamke mwenye haraka. Amenimulika, akasema mtoto wa jicho amekomaa upande wa kushoto, na wa kulia anakua. Watanifanyia upasuaji mwezi ujao, karibu na kwa binti yangu. Fundi, nilipomwambia, alisema kwamba mzee niliyekataa wajukuu nimepewa mtoto wa kubeba usoni. Nilicheka. Nilishangaa mimi mwenyewe. Kisha akanionyesha suruali yangu tena na kuniambia kwa sauti ya mtu mwenye ushindi kwamba ni ya bluu, imekuwa ya bluu, na itazikwa ikiwa ya bluu.

Nilimuuliza daktari kama nitaweza kuruka tena. Alisema nitaziona rangi. Hakusema zaidi.

Jumapili, 21 Aprili

Kiti cha pili kiko mezani. Nimekitundikia koti.

Jumatatu, 22 Aprili

Tani mia tatu na kumi zimenyonywa. Tishari limeondoka. Usiku huu pepo zinatarajiwa.

Jumatano, 24 Aprili

Pepo zilivuma usiku wa kuamkia jana na jana kutwa. Bati moja la fundi limeruka. Asubuhi kulikuwa kumetulia, na habari zikaja kwamba meli imekatika vipande viwili, kama ilivyotarajiwa. Mkuu alinitumia ujumbe: ndege inaruka kwenda kutazama, nikitaka nije kituoni.

Sikutaka, kisha nikaenda. Alinipa kiti kwenye chumba cha redio, akanitolea kikombe cha chai, akatoka na kufunga mlango. Nilikaa mbele ya kile kisanduku chenye spika nikimsikiliza Kipanga akitaja kasi ya upepo na kumlaumu mkwewe. Kisha akanyamaza, nami nikajua wamefika.

Ilipita dakika moja, labda na zaidi. Halafu ikasikika sauti ya Mama Pacha, ya kazi, isiyo na haraka. Hakuitaja namba ya ndege. Hakumtaja Mkuu.

"Baba, uko hapo?"

Nilibonyeza kitufe nikasema nipo.

Alisema kwamba sehemu ya nyuma ya meli imezama na ya mbele imelalia ubavu juu ya mwamba. Alisema kwamba maji ya karibu na ghuba yana tope la mito, mekundu kidogo, na mbele yake kuna mstari ambapo tope linakoma na bluu inaanza, mkali kama pindo la kitambaa. Alisema kwamba mbali zaidi bluu ni nzito, na kuna kivuli cha wingu moja tu, kinakwenda polepole. Alisema kwamba kwenye mwamba kuna utando, mwembamba, umepasukapasuka, hauendi mbali.

"Rangi gani?" nilimuuliza. Mimi si mpimaji tena, kanuni hainihusu.

"Ya fedha," alisema. "Na pembeni kabisa, ukitazama sana, hakuna kitu. Maji tu."

Nilifumba macho yote mawili, nikamwomba aniambie tena tangu mwanzo.